Tulimchagua Anayeondoka

Wifi yangu hakupenda maneno. Kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, alikaa kwenye kiti cha mlangoni tangu mchana hadi jua linazama. Alijibu salamu, akanywa chai, akasema ahsante, basi. Mama alifurahi, akasema tumepata mkwe mwenye adabu. Mimi machale yalinicheza. Mtu anayekaa muda wote huo bila kusema neno, anawaza nini? Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliusubiri huo mshindo kwa miaka. Haukuja. Alizaa, akalea, akamzika baba yake, na katika yote hayo sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Hata walipogombana na kaka, nilijua tu kwa kumwona kaka anatoka chumbani amenywea, na kumbe hajaambiwa kitu.

Tunakaa nyumba moja ya kupanga. Vyumba viwili vya mbele ni vyao, kimoja cha nyuma ni changu, na katikati kuna ukumbi mwembamba ambao mtu akikohoa huku, anapewa pole kule. Kwa hiyo nikisema nayajua mambo ya wifi yangu, sijayaokota kwa jirani.

Mimi ndiye niliyempeleka kazini. Kiwandani kwetu tunafua nguo za watu tusiowajua: mashuka ya hospitali, taulo za nyumba za wageni, vitambaa vya meza. Zinaingia kwa mlango wa nyuma zikiwa na ushahidi wote wa binadamu, zinatoka kwa mlango wa mbele nyeupe, hazimjui mtu. Upande wa kufua ni wa wanaume. Upande wetu ni wa pasi. Kuna mashine ndefu yenye magogo ya chuma yanayozunguka. Shuka linaingia bichi huku, linatoka kule limenyooka na lina moto, na hapo ndipo wanaposimama wakunjaji wawili.

Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili, haina ujanja. Unashika pembe zako, mwenzako anashika zake, mnainua mikono juu ili lisiguse sakafu, mnalipiga mtikiso, mnakutana katikati, unampa pembe, anakupa kunjo. Mkizoeana hamna haja ya kutazamana. Msipozoeana mnagongana vidole, shuka linaburuza chini, linarudi kufuliwa, na msimamizi anakuja kuuliza ni nani. Mimi na wifi tulikuwa tumezoeana. Pale kazini walimwita Kufuli, na mimi wakaniita Funguo, kwa sababu kila alichoulizwa yeye nilijibu mimi.

Nitasema mapema jambo langu ili tusipotezeane muda. Bega langu la kulia lilikuwa bovu. Lilianza kama uchovu, likawa maumivu, likafika mahali mkono unagoma kupita usawa wa sikio. Sikumwambia mtu. Nikikunja na wifi mambo yalikwenda, nami nilijiambia ni kwa sababu ya mazoea. Lakini nilijua siku nikipangiwa mgeni, atainua mikono kama kawaida, bega langu litasema lenyewe, na msimamizi atasikia. Kazi ile ndiyo ilikuwa inalipa chumba changu cha nyuma. Sina mume, sina mtoto, na sikuwa na nia ya kuhamia mkekani kwa kaka yangu.

Na wageni hawakuisha, maana kiwandani kwetu watu hawakukaa. Unamfundisha mtu mpaka mkono wake unaanza kuujua mkono wako, mshahara unatoka, kesho yake humwoni. Aproni yake inaning'inia msumarini. Hatukuagana. Msimamizi naye alishazoea: asubuhi ya baada ya mshahara alikuwa anahesabu kwanza aproni zilizobaki ukutani, ndipo anahesabu watu. Halafu anakwenda getini kuchukua wengine, na sisi tunaanza upya: shika hapa, inua, usivute.

Ukiuliza kwa nini walikuwa wanaondoka, wengi watakwambia mshahara. Si kweli, au si kweli yote, kwa kuwa huko walikokwenda hawakulipwa dhahabu. Waliondoka kwa sababu dirisha la chumba cha pasi lilikuwa limepigwa misumari na joto lilikuwa linawaangusha. Waliondoka kwa sababu zamu ya kesho tulikuwa tunatangaziwa leo jioni getini, ukitoka, kama watu wanaogawiwa bahati, na mama mwenye watoto alikuwa hajui kesho atakuwa wapi. Na waliondoka kimyakimya kwa sababu ya fundi wa boila.

Huyo fundi alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Siku moja meneja wa zamani alitukusanya, akasema yeye ni kama baba yetu, mwenye tatizo aseme asiogope. Fundi akasimama, akasema boila linavuja mvuke karibu na mlango, ipo siku litamchoma mtu. Alishukuriwa. Alipigiwa makofi, hata mimi nilipiga. Mwisho wa mwezi akaambiwa afya yake inatia wasiwasi, akapumzike nyumbani. Boila likaendelea kuvuja. Tangu hapo tulielewana bila kikao: ukiwa na shida, unaondoka nayo.

Meneja wa zamani alikwenda na mambo yake, akaletwa mpya. Hospitali ilikuwa imelalamika kwamba mashuka yanarudi na unyevu, mengine yamekunjwa kama yaliyofichwa na mwizi, na mwenye kiwanda aliona sasa atakosa mteja. Huyu mpya alikuwa mrefu, mpole, anasalimia mpaka wafagiaji. Siku yake ya kwanza alikuja upande wetu, akakunja mikono ya shati, akaomba kufundishwa. Alikunja na mwenzetu tuliyemwita Redio, na jina linatosha kueleza tabia yake. Aliburuza mashuka, akaungua vidole, akacheka. Wengine nao walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu meneja anayekunja shuka anatafuta kitu.

Ijumaa ikafika, akazima mashine mchana kweupe. Kimya kilichoingia mle ndani kilitutisha kuliko kelele. Akasema anataka kujua kwa nini watu hawakai. Hataki kumwuliza kila mtu peke yake, maana anajua hatutamwambia. Tuchague mtu mmoja atakayetusemea. Kila Ijumaa mashine zitazimwa kwa muda, tuseme. Atakaloliweza atasema atalifanya lini, asiloliweza atasema kwa nini. Halafu akasema anatoka ili tuchague bila yeye, akaenda kusimama getini, mahali ambapo sote tulikuwa tunamwona.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Redio alikwenda kuchungulia nyuma ya mlango. Mwingine aliinua kitambaa cha meza, akatazama chini. Msimamizi alikuwa ametolewa nje pamoja na meneja, na hilo nalo lilitutia shaka, kwa sababu msimamizi hajawahi kutolewa mahali. Tukaanza kunong'ona. Hakuna aliyeuliza nani anaweza kusema vizuri. Swali lilikuwa moja: huyu atakayesimama akifukuzwa, nani ataumia kidogo?

Wakaanza kupimana. Huyu ana watoto wachanga, yule mume wake anaumwa, yule ana mkopo. Mimi moyo ulikuwa unanichemka tangu mwanzo wa wiki, kwa sababu nilikuwa nimesikia jambo ukumbini. Wifi alikuwa amepata nafasi kwenye udobi wa hospitali nyingine, karibu na nyumbani, na angeanza baada ya mwezi. Alimwambia kaka, hakuniambia mimi. Mimi niliyemwingiza, mimi ninayeshika upande wa pili wa shuka lake, nilitakiwa nione aproni yake msumarini kama wengine wote. Basi nikafungua mdomo.

"Mnahangaika bure," nikasema. "Wifi yangu anaondoka. Huyo hana unga wa kumwagika."

Wote wakamgeukia. Wifi alinitazama mimi, kwa muda mrefu, jicho lake halina hasira wala aibu. Kisha akachukua taulo ndogo iliyokuwa mbele yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya nyingine, akasema, "Sawa." Ndivyo tulivyomchagua. Kama kuna watu wengine duniani waliowahi kumfanya mtu anayeitwa Kufuli kuwa msemaji wao, sijawasikia.

Meneja alirudi, tukamwonyesha msemaji wetu, akamwomba aanze. Nilitegemea atasema hakuna shida, tumalize tukawashe mashine. Wifi alisimama, mikono ameifunga kifuani.

"Lile dirisha lilipigwa misumari kwa sababu shuka moja liliibwa," akasema. "Tangu hapo watu walioanguka kwa joto wameshazidi mashuka."

Akaendelea. Kuhusu zamu, alisema mama anayeambiwa leo jioni kwamba kesho ni alfajiri hawezi kumwambia mwanawe atamkuta nani nyumbani, ndiyo maana anatafuta mahali pengine pa kuwa mama na mfanyakazi kwa pamoja. Akataja na mshahara. Alisema yote hayo kwa sauti ileile anayoombea chumvi, na nilipotazama nikakuta sote tumeinamisha vichwa, kama wanafunzi ambao mwenzao ameulizwa swali. Hakuogopa kwa sababu alikuwa anaondoka. Hilo ndilo tulilolitaka, na bado lilitushtua.

Meneja alijibu moja moja. Dirisha litafunguliwa wiki ijayo. Zamu zinategemea saa ambazo hospitali inaleta mzigo, atakwenda kuzungumza nao, tumpe muda. Mshahara hapana, si mwaka huu. Akatueleza hospitali inalipaje na kwa nini hawezi kuongeza kabla mkataba haujaisha. Watu waliguna. Tulipotoka Redio alisema ameona, huyo ni walewale. Mimi nilisema hata dirisha halitafunguliwa.

Fundi seremala alikuja wiki iliyofuata, akang'oa misumari, akaweka wavu. Upepo ukaingia. Nilisimama palepale napata hewa usoni, jasho linanikauka, na akilini nawaza upepo huu una bei gani na atakayeulipia ni nani. Redio alisema wamefungua ili watuchungulie kwa nje. Tukawa tunakunja huku tunatupia jicho dirishani. Aliyekuwa anachungulia ni mbuzi wa jirani.

Zamu nazo zikabadilika. Zikawa zinatangazwa Jumamosi kwa wiki nzima. Mara ya kwanza meneja alizivuruga, akampanga mtu mmoja mchana na alfajiri inayofuata, na tukasema tuliwaambia. Ijumaa wifi akamweleza kosa lake mbele ya wote, kwa utulivu, kama anavyomweleza mtoto kwamba kavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Meneja akasema kweli, nimekosea. Mle ndani hakuna aliyejua atazame wapi. Hatukuwa tumezoea kusikia neno hilo likitoka upande ule.

Mshahara ukatoka. Kesho yake msimamizi alikuja mapema kuhesabu aproni, akakuta misumari mitupu, kwa sababu kila mtu alikuwa amevaa yake. Akahesabu watu, akarudia, akatoka nje, akarudi. Akatuuliza leo kuna nini. Hata Redio, ambaye alikuwa amekula kiapo kwamba mwezi ule ndio wa mwisho, alikuwa mbele ya mashine yake ananung'unika kama kawaida. Mwezi uliofuata, vilevile. Wakunjaji wakaanza kuzoeana. Mashuka yakaacha kuburuza, hospitali ikaacha kulalamika.

Hapo ndipo shaka ilipohama. Ilitoka kwa meneja, ikamwendea wifi yangu. Muda wake wa kuondoka ulikuwa umefika ukapita, na alikuwa bado yupo. Zaidi ya hayo, Jumatatu moja aliitwa ofisini, mlango ukafungwa, na chai ikapelekwa. Chai, kwa mkunjaji. Redio alinifuata chooni, akauliza kama mtu anayedai, "Wewe ndiye wifi yake. Hujui kapewa nini?" Jumatano yake wifi hakuja kazini kabisa, na meneja hakuuliza yuko wapi. Watu wakaanza kunyamaza akipita. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema mmoja kwa sauti ya kusikika, na sisi tunaoshinda na nguo tunaijua methali hiyo kuliko wengine.

Mimi nilikuwa pabaya. Akiondoka, bega langu limekwisha na kazi imekwisha. Asipoondoka, basi kanunuliwa, na mtu aliyenunuliwa atauza nini kingine? Nikaanza kuchunguza. Nilipita chumbani kwao kila jioni nikijifanya naazima kitu, natazama kama kuna sufuria mpya, pazia jipya, viatu. Pazia lilikuwa lilelile lenye alama ya pasi. Siku moja kaka alinikuta nimeshika mkoba wa wifi, akauliza natafuta nini. Nikasema mkasi. Kaka ni mwashi, anajua ukuta uliosimama wima na uliolala. Alinitazama, akasema mkasi upo chumbani kwangu tangu juzi, watoto waliniletea. Mkoba ulikuwa na kitana, leso na nusu ya mkate.

Jumamosi tulifua blanketi uani. Blanketi likilowa linahitaji watu wawili kulikamua, mmoja anazungusha huku, mwingine kule. Watoto walikuwa wametumwa dukani. Nikaona sasa au basi.

"Wamekupa nini?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, wifi. Ulikuwa unaondoka. Mbona hujaondoka?"

Aliendelea kuzungusha. Maji yakamwagika miguuni petu.

"Kule niliwaomba wanisubiri, Jumatano nikaenda kuonyeshwa kazi," akasema. "Niliomba ruhusa, nikapewa. Kule ni karibu, ni kweli, na mashine ni mpya. Nikamwuliza msimamizi wao, hapa mtu akiwa na shida anamwambia nani? Akasema hapa hakuna shida." "Ukutani kulikuwa na aproni nyingi, na watu wachache."

Nikamwuliza kama hiyo tu ndiyo sababu. Akasema yeye amekaa kimya maisha yake yote, si kwa sababu hana la kusema, ni kwa sababu hajawahi kuona faida yake. Baba yake alikuwa anajijibu mwenyewe. Kaka yangu naye, nisamehe, ni wa hivyohivyo. Alisimama mbele yetu siku ile kwa kuwa alikuwa anaondoka, hakuwa na cha kuogopa, na maneno yakatoka, na dirisha likafunguka. Angekwenda kule angeanza tena kuwa Kufuli.

"Sikupewa kitu," akasema. "Nilichopewa ni hapana ya mshahara, na sababu yake. Mimi sijawahi kupewa hapana yenye sababu, hata na kaka yako."

Sikuamini. Nilimwambia na chai ya ofisini je, nayo ilikuwa hapana? Hapo akaacha kuzungusha. Blanketi likabaki katikati yetu limejikunja kama kamba.

"Chai ilikuwa ya bega lako," akasema.

Nilijifanya sikusikia. Akasema anajua tangu mwaka juzi. Kila tukikunja, anainama na kushusha mikono upande wake ili mimi nisiinue, na kila shuka analimalizia yeye kwa kuzunguka haraka. Sasa mgongo umeanza kumwuma, asubuhi anaamka ameshika kiuno. Nilisimama pale maji yananichuruzika vidoleni. Nilikuwa nimemsikia akiguna asubuhi, kupitia ukumbi ule ule, na nilikuwa nimejisemea labda ni mimba nyingine, wananificha.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

Wifi alicheka. Katika miaka yote sikuwa nimemsikia akicheka namna ile, hadi akakaa kwenye ukingo wa karo. Akasema hakuna anayejua. Alimwambia meneja kwamba kuna mkunjaji mmoja mwenye bega bovu, angefaa kuhamishiwa meza ya foronya, mahali pasipo na kuinua. Meneja akauliza ni nani. Akasema hawezi kutaja, mwenyewe hajamtuma. Meneja akasema basi na yeye hawezi kumhamisha mtu asiye na jina.

Nikamwomba Ijumaa amtaje tu, nimempa ruhusa, yamalizike.

"Dirisha lilikuwa letu sote," akasema. "Bega ni lako, wifi."

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilimwona fundi wa boila kila nilipofumba macho, anapigiwa makofi. Nilisikia maneno yale, afya yake inatia wasiwasi, akapumzike. Mama alipokuja kututembelea akaniona nachana nywele kwa mkono wa kushoto, akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia mama, kifo kiko mbali, mwenye nyumba yuko karibu. Alhamisi mshahara ulitoka. Nilikaa kitandani nikiufikiria msumari wangu. Ingekuwa rahisi: aproni ukutani, kesho sionekani, na hakuna atakayejua kwamba bega ndilo lililoniondoa. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote. Wifi mwenyewe angeunyoosha mgongo wake na mtu mwingine.

Asubuhi nilifungua mlango nikamkuta ukumbini, amevaa viatu, mkoba begani, ameegemea ukuta na mkono mmoja kiunoni. Hakunisalimia, hakuniuliza kama nakwenda. Nikarudi ndani nikachukua aproni yangu.

Mashine zilipozimwa mchana, wifi alisema mambo ya sabuni mpya inayochubua mikono na toroli lenye gurudumu bovu. Meneja akajibu. Kisha akauliza kama kuna lingine. Wifi akakaa. Akatazama mikono yake, akawa Kufuli kabisa, na mimi kwa muda mfupi nikamchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Miguu ikanisimamisha kabla kichwa hakijakubali.

"Bega langu la kulia haliinuki," nikasema.

Msimamizi aligeuka. Redio mdomo ulikuwa wazi na hakuna matangazo. Meneja aliuliza tangu lini, nikasema mwaka juzi. Akauliza sasa nimekuwa nakunjaje. Nikasema, "Wifi yangu ananiinamia." Nikaona wale waliokuwa wananyamaza akipita wanamtazama kwa namna nyingine, na yeye hakumtazama yeyote. Meneja akasema jambo hili linahitaji kupangwa, nimpe wiki. Wiki nzima. Nilikaa chini nikijua kwa hakika kwamba sasa unga umemwagika.

Haukumwagika. Nilipelekwa kwa daktari, nikapewa mazoezi ya kuudhi, na Ijumaa iliyofuata meneja akasema mbele ya wote kwamba nitakaa meza ya foronya, mshahara uleule, na upande wa wifi atakuja mwenzetu mwingine kutoka kwenye taulo. Nilitafuta mtego uko wapi. Nimeutafuta mpaka leo na sijauona, ingawa sijaacha kutafuta.

Foronya mtu anazikunja akiwa peke yake. Meza yangu iko karibu na dirisha na naiona mashine yote. Siku ile ya kwanza shuka lilitoka, yule mwanamke wa taulo akashika pembe zake, akainua mikono juu kabisa. Wifi naye akainua. Mikono yake ikapita masikio, ikapita kichwa, mgongo ukanyooka, na shuka likapigwa mtikiso ambao mimi na yeye hatukuwahi kuupiga. Foronya ilinianguka. Miaka miwili alikuwa amebeba bega langu kwa mgongo wake, na mimi nilikuwa napekua mkoba wake kutafuta alichopewa.

Jioni tukirudi nyumbani nilimwuliza mgongo unaendeleaje. Akasema hauna neno. Nilikuwa nimeshamwona akipanda ngazi za mlangoni ameshika kiuno, kwa hiyo sikumwamini. Nikamwambia ana mpaka Ijumaa. Asiposema mwenyewe, nitasimama mimi.